Sindano huburutaje molekuli moja?

SWALI: Nafundisha fizikia kidato cha sita. Wanafunzi wameona picha za molekuli zilizopangwa mojamoja kwa sindano, nao wanauliza: ncha si nene kuliko molekuli? Inaishikaje? Na shuleni tunaweza kujaribu?
Mwalimu, Mafinga

JIBU: Mwalimu, hiyo ni sindano ya hadubini ya kupenya elektroni (STM), na ncha yake haibani kitu. Elektroni hupenya pengo lililopo kati yake na sahani ya chuma, na mkondo huo hupungua takriban mara kumi pengo likipanuka kwa nanomita 0.1 tu. Ndiyo maana atomu moja iliyochomoza kuliko wenzake hubeba karibu mkondo wote, hata sindano ikiwa butu kiasi gani.

Chukua kaboni monoksidi juu ya shaba. Wakati wa kutazama, mkondo huwa nanoampea 1 au pungufu. Wakati wa kuburuta, volti hushushwa hadi milivolti 10 hivi na mkondo hupandishwa hadi nanoampea 40 au 50. Ili kuupata, mtambo hulazimika kuishusha ncha mpaka molekuli ihisi nguvu yake. Ncha ikienda pembeni, molekuli huruka toka atomu ya shaba hadi ya jirani. Kisha ncha huinuliwa, molekuli ikabaki.

Yote haya ndani ya ombwe, kwenye kelvini 4 (karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri). Baridi ya Kitulo inayounguza viazi ni kelvini 270 na ushee. Hapo kaboni monoksidi haikai kabisa juu ya shaba.

Kosa la kawaida ni molekuli kurukia ncha, hasa volti ikizidi 2.4. Utaijua: kwa ncha ya chuma tupu molekuli huonekana kama shimo, lakini ncha ikishabeba moja, zilizobaki huonekana kama vinundu. Kila kitu kikitokea mara mbili pichani, ncha ina vichwa viwili; ichomeke kidogo kwenye shaba, mbali na kazi yako.

Shuleni kuburuta sahau. Kuona atomu za grafiti hewani kwa hadubini ndogo ya aina hii, hilo linawezekana. Bandua tabaka la juu la grafiti kwa selotepu. Kata waya wa platini na iridi wa milimita 0.25 kimshazari huku ukiuvuta, usiguse ncha kwa vidole. Malori ya barabara ya Tunduma yatawasumbua: tundikeni hadubini juu ya bamba zito la zege linaloning'inia kwa mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli.