Umeokoka lakini ulimi bado unakushinda? Angalia kwanza neno unampelekea nani

Mleta uzi ameuliza hivi: ameokoka, anaomba, anafunga, lakini akiudhiwa anatamka maneno ya kujutia, na akikaa na wenzake mazungumzo yanaishia kwa mtu ambaye hayupo. Afanyeje? Wachangiaji wengi wamemjibu kwa neno moja: nyamaza. Ushauri huo una nusu ya ukweli, na Biblia yenyewe inaonyesha nusu nyingine inavyogoma.

Soma Zaburi ya 39 taratibu. Daudi anaamua kujitia lijamu kinywani asije akakosa kwa ulimi wake. Ananyamaza kabisa, hata jema halisemi. Matokeo yake maumivu yanazidi na moyo unawaka moto ndani yake. Mwishoni anasema, ila angalia anamwambia nani: "Bwana, unijulishe mwisho wangu." Maneno yalikuwepo tangu mwanzo, yalikuwa yanatafuta mtu wa kuambiwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo somo lote lilipo. Sehemu kubwa ya dhambi za ulimi ni neno lililopaswa kwenda kwa Mungu au kwa mhusika, likapelekwa kwa mtu wa tatu. Ukijifunza kulifikisha panapostahili, kunyamaza kwingine kote kunakuwa rahisi.

Kabla ya hatua, jua unachougua. Watu huweka kila kitu kwenye kapu la "masengenyo" halafu wanatumia dawa moja. Kusingizia ni kusema uongo unaoharibu jina la mtu. Kusengenya ni kutoa kosa lake la kweli kwa watu wasiolijua na wasio na haja ya kulijua. Fitina inalenga urafiki, unamwambia Fulani jambo ili amchukie rafiki yake. Matukano unamtupia mtu usoni. Dhihaka inamdhalilisha kwa kicheko, na Mithali 26:18-19 inamfananisha anayemdanganya mwenzake kisha akasema "nilikuwa natania" na mwendawazimu anayetupa mienge ya moto. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki, aliyapanga haya katika karne ya 13 na akasema fitina ni nzito kuliko masengenyo, kwa kuwa rafiki ana thamani kuliko heshima. Wengi wetu tungedhani ni kinyume.

Na lile la "lakini ni kweli" haliokoi mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (kitabu cha mafundisho yake), namba 2477, inahesabu kuwa dhambi kufichua makosa ya mtu kwa wasioyajua bila sababu ya haki, hata kama makosa hayo ni ya kweli kabisa. Waprotestanti nao wamefundisha hivyo hivyo: Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, katika Katekisimu Ndogo ya 1529, akieleza amri ya kutomshuhudia jirani uongo, anataka tumtetee jirani, tumseme vizuri, na kila jambo lake tulitafsiri kwa namna iliyo njema. Yaani ukweli unaruhusiwa, ila unaulizwa unakwenda wapi na kufanya nini.

Sasa njia ya neno. Mathayo 18:15-17 ina ngazi, na kila ngazi ina mahali watu wanapoivunja.

Ngazi ya kwanza: "enenda ukamwonye, wewe na yeye mkiwa peke yenu." Ni wewe uliyekosewa unayekwenda. Husubiri yeye ajisikie. Chagua wakati ambao hana watu na hana haraka. Taja tendo moja, siku yake, na lilivyokuumiza, kisha nyamaza umsikilize. Kesi nyingine huishia hapa kwa sababu unagundua hukuelewa vizuri. Uvunjaji wake maarufu unaitwa "kuomba ushauri": unamwambia wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ukifika wa nne mhusika ameshajua kutoka kwa mwingine. Ushauri wa kweli unauomba kwa mtu mmoja, mwenye uwezo wa kukusahihisha, na mara nyingi hauhitaji jina. Ukiona unahitaji jina ili hadithi inoge, huo si ushauri.

Ngazi ya pili ni mashahidi wawili au watatu, kanuni iliyotoka Kumbukumbu la Torati 19:15. Hapa watu hubeba marafiki zao waje kuwaunga mkono. Shahidi anayefaa ni yule ambaye hata mkosaji angekubali awepo, na ambaye anaweza kukugeukia wewe akasema umekosea.

Ngazi ya tatu ni kanisa. Wengi huanzia hapa, siku hizi kwa kutupia kwenye kundi la WhatsApp la washirika.

Kuna upotoshaji mmoja lazima niuseme kwa ukali. "Peke yenu" si amri ya kumfungia mtoto aliyedhulumiwa, au mke anayepigwa, chumbani na anayemdhulumu ili "wayamalize kikristo". Kumpelekea taarifa ya uhalifu mwenye mamlaka ya kuuzuia ni kulifikisha neno mahali pake hasa. Mithali 31:8 inaamuru kufumbua kinywa kwa ajili ya asiyeweza kusema. Hata Paulo alizipata habari za mafarakano ya Korintho kutoka kwa watu wa nyumbani mwa Kloe (1 Wakorintho 1:11). Tazama zilivyofika: zilimfikia mtu mwenye wajibu, na chanzo chake kikatajwa wazi. Masengenyo huwa na dalili kinyume na hizo mbili. Msikilizaji hawezi kulitatua jambo lenyewe, na msemaji anasema "usinitaje".

Ombi la maombi nalo limekuwa mlango wa nyuma. "Tumwombee dada yetu, unajua mumewe…" Mungu anamjua huyo dada kwa jina na anwani. Sema "kuna ndugu anapita kwenye jaribu la ndoa" uishie hapo. Ukijisikia umepungukiwa kwa kutotaja jina, umeshajua kilichokuwa kinakusukuma.

Kuhusu hasira, ambayo nadhani ndiyo shida yako kubwa. Yakobo 1:19 inapanga mambo matatu kwa mfuatano: mwepesi wa kusikia, si mwepesi wa kusema, si mwepesi wa kukasirika. Mfuatano huo unafanya kazi. Ukianza na kusikia kweli, mengine mawili yanapoa. Namna ya kuufuata: kabla hujajibu, rudia alichosema mwenzako kwa maneno yako hadi akubali kwamba ndicho alichosema. Inaonekana kama mchezo, lakini inakulinda na Mithali 18:13, kujibu kabla ya kusikia, na inakupa muda mapigo ya moyo yashuke.

Ukiona huwezi, ondoka, lakini sema unaondoka: "Nimekasirika, nitarudi tuongee baada ya saa moja." Kisha rudi kweli. Kuondoka kimya kimya ni adhabu, na mwenzako ataisoma hivyo. Mithali 17:14 inafananisha mwanzo wa ugomvi na maji yanayofunguliwa, na inasema acha kabla hayajafurika. Maana yake kuna dakika ambayo bado inawezekana, na ukishaipita unahangaika na mafuriko.

Ukirudi, kata vitu vitatu kwenye sentensi zako. Kata "kila siku" na "siku zote", maana mwenzako ataacha hoja aanze kutafuta siku moja ambayo haikuwa hivyo. Kata makosa ya zamani yaliyokwisha kusamehewa. Na kata neno linalomhukumu mtu mzima badala ya tendo lake. Hili la tatu ndilo Yesu analolishughulikia Mathayo 5:22: ukimwita ndugu yako mpumbavu umeacha kosa lake ukashika utu wake. "Umechelewa na hukunipa taarifa" inajibika. "Wewe ni mtu wa hovyo" haijibiki, inarudishwa tu.

Waefeso 4:26 ("jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka") imewatesa wanandoa bure. Haisemi lazima mjadala wote umalizike kabla ya kulala, watu wakabishana hadi usiku wa manane wakiwa wamechoka na wanasema yaliyo mabaya zaidi. Inakataza kuitunza hasira ilale nawe. Inatosha kusema "bado tuna la kuzungumza, sitakulipiza, kesho tukae," mkaomba, mkalala.

Ujumbe wa simu una hatari zake. Maandishi hayana sauti wala uso, na ujumbe wa sauti unaweza kurushwa kwa watu usiowajua. Ukiwa na hasira usiandike kwenye ukurasa wa mhusika. Andika mahali pengine, acha usiku upite, kisha usome kama vile umeandikiwa wewe. Mara nyingi kinachobaki ni mistari miwili.

Halafu masikio. Huwezi kushinda kusengenya ukiwa msikilizaji mzuri wa wasengenyaji. "Moto hufa kwa kukosa kuni, na bila mchongezi fitina hukoma" (Mithali 26:20). Augustino, askofu wa Hippo, aliandika mezani pake beti za kuwakataza wageni kuwasema wasiokuwepo. Posidio aliyeishi naye anasimulia kwamba maaskofu wenzake walipojisahau siku moja, aliwaambia ama beti zifutwe ama yeye ainuke aende chumbani kwake. Tarehe 29 Januari 1752 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na wenzake walitia sahihi makubaliano kuhusu jambo hilihili: hawatasikiliza wala kuulizia mabaya ya mwenzao, wakisikia hawatakuwa wepesi kuamini, watamfikishia mhusika mapema iwezekanavyo, kwa mdomo au kwa barua, kabla ya hapo hawatamwambia mwingine hata silabi moja, na baada ya hapo pia hawatalitaja kwa mwingine. Kikundi chochote, kwaya, kamati, hata familia, kinaweza kuyachukua kama yalivyo. Kwa mtu mmoja mmoja, swali moja latosha: "Umeshamwambia mwenyewe?" Liulize kwa upole, bila kujifanya mtakatifu. Atakayeudhika atapunguza kukuletea habari, na hiyo si hasara.

Hayo yote ni ya mdomoni, na mdomo hauna chake. "Kinywa cha mtu huyanena yaujazayo moyo wake" (Mathayo 12:34). Yakobo naye anasema wanyama wa kila namna wamefugwa na wanadamu, lakini ulimi hakuna awezaye kuufuga. Kwa hiyo omba, ila omba kwa kulenga. Zaburi 141:3 wengi wanaijua: "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu." Wachache huendelea mstari wa 4, ambako Daudi anaomba moyo wake usielekezwe kwenye jambo baya. Mlinzi na moyo vinaombewa pamoja.

Ili ujue moyo wako umejaa nini, chukua daftari. Jioni andika mambo matatu: nilisema nini kibaya, nilimwambia nani, nilitaka kupata nini. Usiandike zaidi ya mistari mitatu au utaacha. Fanya hivyo kwa majuma manne. Swali la tatu ndilo lenye kazi. Utaona jibu moja linajirudia, labda wivu kwa mtu mmoja, labda kuogopa kudharauliwa, labda kutaka tu kukubalika na kundi. Hilo ndilo la kupeleka kwenye toba na kwa mchungaji au padre wako. Kutubu "dhambi za ulimi" kwa jumla miaka nenda rudi hakubadilishi kitu, kwa sababu hujataja ugonjwa.

Mchangiaji mmoja juu ameleta Mithali 18:21, mauti na uzima katika uwezo wa ulimi, akaieleza kwamba ukikiri utajiri unautengeneza. Sikubaliani. Mithali inapogusa ulimi, inazungumzia maneno yanavyojenga au kubomoa watu na kesi zao. Kuumba kwa neno ni kazi ya Mungu.

La mwisho ni kurekebisha, na hapa wengi huishia kusema "Mungu amenisamehe". Ukimtukana mtu, omba radhi kwa kulitaja neno lenyewe, bila "kama nilikukwaza" na bila "lakini". Ukilisema mbele ya watoto au kundini, radhi iombwe mbele ya haohao. Ukimsingizia, rudi kwa kila uliyemwambia useme ulidanganya. Ukisengenya jambo la kweli, huwezi kusema ulidanganya, maana huo utakuwa uongo mpya. Sema "sikuwa na haki ya kukuambia lile, naomba lisiende mbele," na ueleze jema unalolijua kweli juu ya mtu huyo. Je, umwendee aliyesengenywa naye hajui? Kama habari zinaelekea kumfikia, ndiyo, azisikie kwako kwanza. Kama hazitamfika na kumwambia kutamjeruhi tu ili wewe upate nafuu, anza na wasikilizaji wako, na kwa mhusika utafute kwanza ushauri wa kiongozi wa kiroho asiyemjua.