Sheria za Kepler kwa mnaoanza kidato cha tano: uzi, pini na dishi la jirani

Wadogo zangu mnaoingia PCM (fizikia, kemia na hisabati), mada ya uvutano itawafikia mapema, na ndani yake sheria tatu za Kepler, zinazoeleza jinsi sayari zinavyozunguka Jua. Nafundisha tuisheni ya fizikia hapa Moshi, upande wa Majengo, na kila mwaka nakutana na makosa ambayo mengi niliwahi kuyafanya mwenyewe.

Nianze na langu. Kwenye mtihani wa majaribio tuliulizwa setilaiti iliyo kilomita 400 juu ya uso wa Dunia inatumia muda gani kuzunguka mara moja. Fomula nilikuwa nayo kichwani kama Baba Yetu. Nikachukua 400, nikageuza kuwa mita, nikapiga kikokotozi, nikapata sekunde 80 hivi. Nikapigia jibu mistari miwili, nikahamia swali jingine nikiwa na amani kabisa. Setilaiti imeizunguka Dunia nzima wakati Hiace ya Kiborloni bado inaita abiria! Umbali katika sheria hizi hupimwa kutoka kitovu cha Dunia, si kutoka ardhini. Ukiongeza rediasi ya Dunia, kilomita 6,371, unapata 6,771, na muda unakuwa kama dakika 92. Tangu siku hiyo, kabla sijapigia jibu mstari, najiuliza kwanza kama linaingia akilini.

Sasa picha ya kitabuni. Sheria ya kwanza inasema sayari huzunguka Jua kwenye njia ya duaradufu, na Jua liko kwenye fokasi moja, yaani moja ya nukta mbili ambapo pini hukaa ukiichora kwa uzi. Kitabu kinakuchorea yai lililobanwa, na wewe unaondoka ukiamini Dunia inakwenda hivyo. Chukua pini mbili, uzi na kipande cha boksi, uchore mwenyewe. Duaradufu yenye nusu urefu wa sentimita 10, ikiwa na umbo la njia ya Dunia, Jua litakaa milimita 1.7 tu kutoka katikati, na ubapa wake hautauona, kwa sababu ni mwembamba kuliko mstari wa penseli. Mirihi kwa kipimo hichohicho, Jua linasogea milimita 9, lakini umbo limebanwa kwa chini ya nusu milimita.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu Kepler. Alikuwa na vipimo vya Tycho Brahe, mwanaastronomia wa Denmark, vilivyochukuliwa kwa macho matupu kabla darubini haijaanza kuelekezwa angani. Hesabu yake ya duara kwa Mirihi ilipishana na vipimo hivyo kwa dakika 8 za nyuzi, yaani kama robo ya upana wa Mwezi mpevu unavyouona juu ya Kibo. Mwingine angesema imekaribia, tuendelee. Yeye aliitupa kazi ya miaka akaanza upya, na mwaka 1609 akachapisha sheria mbili za kwanza. Ya tatu ilifuata 1619. Newton alieleza kwa nini ziko hivyo mwaka 1687, na mtihani utawadai sababu hiyo pia.

Sheria ya pili, ile ya mstari kutoka Jua hadi sayari kufagia maeneo sawa kwa muda sawa, hivyo sayari iliyo karibu na Jua hukimbia zaidi, wengi huikariri bila kuiona. Tafuta kalenda ya ukutani. Jua huvuka ikweta kwenda kaskazini karibu tarehe 20 Machi, likarudi kusini karibu tarehe 22 Septemba. Hesabu siku: 186. Kutoka Septemba hadi Machi inayofuata ni 179. Siku 7 zimekwenda wapi? Mwanzoni mwa Januari Dunia iko karibu zaidi na Jua, kilomita milioni 147, na inakimbia. Mwanzoni mwa Julai iko milioni 152, na inajivuta.

Na hapa sisi wa Moshi tuna mtego wetu. Januari jua linachoma, Julai ukungu umeshuka kutoka mlimani na kila mtu yuko soko la Memorial anachagua sweta. Mwanafunzi anahitimisha kwamba majira yanaletwa na umbali. Kwetu karibu na ikweta umbali una mchango wake, maana mwanga wa Julai ni pungufu kwa kama asilimia 7, na wingu linamalizia kazi. Lakini Januari hiyohiyo Ujerumani kwa kina Kepler kunaganda. Majira ya huko yanatokana na mhimili wa Dunia kuinama nyuzi 23.4. Usiandike vinginevyo.

Sheria ya tatu ndiyo yenye maksi nyingi, na ndiyo wanaoiogopa zaidi, kwa sababu wanakimbilia namba ndefu za G (namba thabiti ya uvutano) na tungamo la Jua. Tumia uwiano. Mraba wa muda unakwenda sawa na mchemraba wa umbali. Mshtarii uko mara 5.2 ya umbali wetu kutoka kwenye Jua: 5.2 × 5.2 × 5.2 ni 140.6, kipeuo chake cha pili ni 11.86, na hiyo ndiyo miaka yake. Hujagusa G.

Angalieni dishi la jirani juu ya bati. Halizunguki kufuata kitu, kwa kuwa setilaiti yake inazunguka juu ya ikweta kwa saa 23 na dakika 56, sawasawa na Dunia inavyojizungusha, kilomita 42,164 kutoka kitovu. Gawa namba hiyo kwa 6,771, pandisha jibu kwa kipeo cha 1.5, utapata 15.5. Gawa dakika 1,436 kwa 15.5, na zile dakika 92 nilizozikosa zinarudi. Ila msichanganye Mwezi na Mshtarii katika uwiano mmoja. Mwezi unazunguka Dunia, Mshtarii unazunguka Jua, na mwaka jana nusu ya darasa langu walivichanganya.