Maswali ya Wasomaji: Kesi ni yako, na akaunti iwe yako

SWALI: Shikamoo Bi Karani. Mimi ni fundi seremala hapa Majengo, Mombasa. Mwaka jana mwenye mkahawa mmoja aliniagiza meza 12 na viti 48 kwa shilingi 310,000. Alinitumia 120,000 kwa M-Pesa nikaanza kazi. Nilipomaliza alipokea mzigo wote akatia sahihi, na wateja wake wanavikalia viti hivyo hadi leo, lakini 190,000 zilizobaki hazitoki. Simu hashiki, WhatsApp anasoma na hajibu. Mkataba hatukuandika, tulipatana kwa ujumbe tu. Nilikwenda kortini nikaambiwa makaratasi hayapokewi tena, kesi zinafunguliwa mtandaoni. Kijana wa saiba anasema nimwachie kitambulisho na shilingi 3,000, atanifungulia kesi kwa akaunti yake, kwani ameshawafungulia wengi. Nimwachie?
— Fundi, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimwachie.

Mlipe akuskanie hati, mlipe akuonyeshe pa kubonyeza. Hiyo ni kazi yake na ana haki ya kulipwa. Lakini akaunti ifunguliwe kwa jina lako, kwa namba ya simu unayotembea nayo na kwa barua pepe ambayo nywila yake unaijua wewe. Huna barua pepe? Fungua leo, kabla hujagusa jambo lingine lolote.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimefanya kazi masjala ya mahakama, na wanaoumia nimewaona kwa macho. Ukishafungua kesi, taarifa zote huifuata akaunti. Hesabu ya ada inakuja pale, na tarehe ya kutajwa kesi, na majibu ya unayemdai, hata uamuzi wenyewe. Akaunti ikiwa ya kijana wa saiba, basi mbele ya mfumo anayepewa habari ni yeye. Akihama, akigombana na tajiri wake, akisahau tu, wewe utakaa nyumbani ukingoja kuitwa na huku siku yako imekwishapita. Mtu anakuja dirishani na karatasi zake zimepangwa vizuri, anaambiwa kesi ilitupwa kwa kutohudhuria. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia, na hilo linaniuma hadi leo.

Wazee wangu wa masjala walizoea faili la kamba na muhuri wa mpira. Mfumo huu wa kufungua kesi mtandaoni ulianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020, wakati wa korona, Jaji Mkuu akiwa David Maraga. Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akaupeleka kwenye mahakama zote nchini. Mimi ninauunga mkono kwa moyo wote, maana faili lililopotea kabatini nalijua linavyomliza mtu. Ila umehamisha mzigo mmoja kutoka kwa karani hadi kwako: kufuatilia.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Pahali pako ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Si lazima uwe na wakili. Unaweza kusimama mwenyewe ukajieleza.

Kabla ya kufungua, jua unamshtaki nani. Jina lililoandikwa juu ya mlango wa mkahawa si lazima liwe mtu wala kampuni. Fanya upekuzi wa usajili kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Ikiwa ni kampuni, kampuni ndiyo utakayoidai kwa jina lake kamili. Ikiwa ni jina la biashara tu, utajua mwenye biashara hiyo ni nani. Wengi huruka hatua hii kuokoa ada ndogo, kisha wanashinda kesi na hawana wa kumkamata.

Halafu mwandikie barua ya madai. Taja kiasi, taja kazi, mpe siku za kulipa, na utunze nakala. Wengine hulipa hapo hapo, ukapumzika.

Ushahidi wako unatosha, ukiupanga. Ile karatasi aliyotia sahihi ndiyo nguzo, kwa hiyo iskaniwe kwa mashine, isipigwe picha ya simu iliyopinda na kivuli cha mkono juu yake. Kwa ujumbe wa WhatsApp, piga picha za skrini zenye tarehe na namba yake ya simu. Kama umemhifadhi kwa jina “Boss wa Viti”, fungua ukurasa wa mawasiliano yake na uupige picha pia, ili namba ionekane. Mahakama haimjui Boss wa Viti. Usichague ujumbe unaokupendeza ukaacha mingine katikati. Weka mazungumzo yote ya makubaliano kwa mfululizo.

Kwa zile 120,000, omba taarifa ya M-Pesa inayoonyesha siku hiyo. Hapa kuna mtego mdogo: taarifa hiyo huja kwa barua pepe ikiwa PDF iliyofungwa kwa msimbo. Ukiipakia vilevile, hakuna atakayeweza kuisoma. Mwambie kijana wa saiba aifungue na kuihifadhi upya bila msimbo. Hapo ndipo atakapokufaa kweli.

Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inazungumzia cheti kinachoambatana na ushahidi wa kielektroniki: kinasema picha hizi zimetoka simu gani na zilichapishwa vipi. Mahakama ya Madai Madogo haifungwi sana na kanuni za ushahidi, lakini cheti hicho ni ukurasa mmoja tu. Kiandike, tia sahihi. Usimpe upande wa pili pa kushika.

Unganisha vielelezo vyako viwe PDF moja, weka namba kila ukurasa, na ukurasa wa kwanza uwe orodha. Ukishapakia, mfumo utakupa ankara. Unalipa kwa simu, na usihesabu kesi kuwa imefunguliwa kabla hujalipa. Kisha utaiona namba ya kesi yenye herufi E mbele ya tarakimu. Iandike kwenye daftari lako la vipimo vya mbao, iandike na nyuma ya mlango wa karakana ukitaka. Ukiwa kwenye kompyuta ya saiba, usikubali kivinjari kihifadhi nywila, na utoke kwenye akaunti kabla hujanyanyuka kitini.

Baada ya hapo mdaiwa lazima apelekewe hati, na hati ya kiapo inayoonyesha alivyopelekewa ipakiwe pia. Hii ndiyo hatua inayochelewesha kesi nyingi kuliko zote. Uliza masjala hati zako zipelekwe vipi na nani, mara tu upatapo namba. Kikao kinaweza kuwa cha video mtandaoni, kwa Microsoft Teams. Kiungo hupatikana kwenye orodha ya kesi za siku. Zima randa na msumeno, kaa pahali patulivu, na usikilize namba yako ikiitwa.

SWALI: Bi Karani, nimetumiwa hati za kesi kwa WhatsApp na namba nisiyoijua. Wanasema ninadaiwa pesa za mali ya duka, yaani bidhaa nilizochukua kwa mkopo. Jirani ananiambia ni matapeli, nifute. Kweli mahakama hutumia WhatsApp?
— Mama Duka, Kilifi

JIBU: Usifute, dada yangu. Tangu mwaka 2020 Kanuni za Mwenendo wa Madai zinaruhusu samansi, yaani wito wa mahakama, kupelekwa kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu. Kwa hiyo inawezekana ni kweli, na hizo alama mbili za buluu zikawa ushahidi kwamba umeona.

Jirani naye hakosei kukutahadharisha. Tazama namba ya kesi na jina la mahakama, kisha nenda masjala ya mahakama hiyo, au piga simu uliyoipata mahakamani na si ile iliyo ndani ya ujumbe, uulize kama kesi ipo. Usimtumie pesa yeyote anayekuambia “lipa hapa kesi ifutwe”.

Ikiwa ipo, soma samansi uone umepewa siku ngapi za kujibu, na uanze kuzihesabu tangu ulipopokea. Majibu yako nayo yanapakiwa mtandaoni, kwa akaunti yako mwenyewe. Yale niliyomwambia fundi hapo juu yanakuhusu vilevile. Kama ulilipa sehemu ya deni, risiti zako ndizo zitakazokutetea, basi zitafute leo. Ukinyamaza, mahakama inaweza kuamua bila kukusikia, na hapo itakubidi uombe uamuzi utenguliwe, kazi kubwa na ya gharama kuliko kujibu.