Askari wa bunduki Mafunzo hasimami bure

Kijana aliyeuliza hapa kama askari mwenye bunduki pale Kilimani, kwenye jela yetu ya Zanzibar, analipwa kwa kusimama tu, na kama mwanafunzi, yaani mfungwa, akikimbia basi ni kupigwa risasi, nakujibu mimi niliyestaafu kazi hiyo. Kwanza wale waliokujibu kwa kutaja Magereza wamechanganya. Jeshi la Magereza ni la Bara. Huku ni Chuo cha Mafunzo, idara maalumu ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) sawa na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na KMKM (Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo), na aliyefungwa tunamwita mwanafunzi.

Sasa kuhusu kusimama. Anayemgusa mwanafunzi hana bunduki, na mwenye bunduki hamgusi mwanafunzi. Anayepekua, anayefunga pingu, anayehesabu watu mlangoni, wote wako mikono mitupu. Wa bunduki yuko mbali, pembeni, anawaona wote, wenzake na wanafunzi. Akisogea kusaidia kutenganisha ugomvi kaharibu, kwani bunduki iliyo karibu na mkono wa mtu ni ya atakayewahi kuivuta. Halikuanzia kwetu hili. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, kwenye kanuni ya 82 zinataka askari anayeshughulika na wafungwa ana kwa ana asibebe silaha isipokuwa kwa hali maalumu, na asiyefunzwa kuitumia asipewe kabisa.

Usilolipata kwa kupita barabarani ni makabidhiano. Unasoma namba ya bunduki ukilinganisha na kitabu, unatoa magazini, unahakikisha chemba ni tupu, unahesabu risasi moja moja mbele ya anayekukabidhi, ndipo utie saini. Risasi moja ikipungua hakuna anayekwenda kwake, zamu inayotoka wala inayoingia. Wageni kazini huona tabu, wakasaini kwa kuwa anayekabidhi ni rafiki. Urafiki ubaki barazani. Na kuna chumvi: bahari iko karibu, upepo wa kusi ukivuma, chuma kisichofutwa mafuta kinashika kutu upesi.

Lakini zamu niliyokuwa naiogopa si ya lindoni, ni ya hospitali. Ndani kuna ukuta unakusaidia. Ukipeleka mwanafunzi akalazwa Mnazi Mmoja, una wodi yenye madirisha, wagonjwa wengine wasio na kosa, na jamaa wanaoingia na vikapu vya chakula. Mwenzako asiye na silaha anakaa na mgonjwa. Wewe unakaa pale unapouona mlango na dirisha kwa pamoja. Bunduki huiegemezi ukutani hata ukichoka, na huendi chooni mpaka mtu wa kukupokea afike. Atakuja mama wa watu na sambusa, "Chukua mwanangu, tangu asubuhi hujala." Unamwambia, "Ahsante mama, nimeshiba," hata kama tumbo linalia. Si kwamba mama ana ubaya, ila mkono wenye sambusa haumo kazini.

Na Unguja yetu ni ndogo. Utamlinda mtu mliyesoma naye chuo cha Kurani kwa maalim mmoja, au mkwe wa jirani yako. Salamu itikia, ni haki yake. Mazungumzo yakianza kurefuka, mwambie mkuu wa zamu akuhamishe nafasi. Mimi niliomba kuhamishwa, na hakuna aliyenicheka.

Ramadhani ni darasa jingine. Adhana ya Magharibi ikilia kila mtu macho yako kwenye tende, na anayetaka kutoroka anaijua saa hiyo kuliko wewe. Unaletewa tende na maji pale pale, unafungulia umesimama, unatazama mbele.

Ama la mwanafunzi kukimbia, msidanganyane. Kukimbia peke yake si ruhusa ya kuua. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya 1990 kuhusu matumizi ya silaha inataka risasi iwe kwa kujihami au kumhami mtu aliye katika hatari ya kuuawa au kujeruhiwa vibaya, au kumzuia anayetoroka ambaye ni hatari ya namna hiyo. Mwizi wa kuku aliyetoroka akiwa kazini shambani haingii hapo. Anayekimbia unampigia kelele asimame, unawaita wenzako, unaangalia anaelekea wapi, na hao wengine waliobaki huwaachi. Wengi husahau hili la mwisho: mmoja kakimbia, askari wote wanamfuata, na nyuma wamebaki wanafunzi na majembe yao bila wa kuwatazama.

Ukija kuomba kazi hii, kwenye usaili usiulize mshahara kwanza. Uliza mafunzo ya shabaha yanarudiwa mara ngapi.