Je, ni dhambi kumuombea uhai mtoto aliyehukumiwa kifo?

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia: kijana wake amehukumiwa kifo ju ya wizi wa kutumia silaha ambamo mtu aliuawa, kesi ilisikilizwa siku moja tu, na yeye mama anajua usiku ule kijana alilala nyumbani. Sasa wamama wa korali wanamwambia aache kulia, ju Mwanzo 9:6 inasema amwagaye damu ya mtu, damu yake itamwagwa. Anauliza kama anapingana na Mungu.

Mama yangu, hapana. Lia, na uombe. Nimesoma barua yako mara tatu na usingizi umekataa.

Tangu serikali yetu ya Kongo iseme Machi 2024 itaanza tena kuua waliohukumiwa, kitu kilichokuwa kimesimama tangu 2003, hiyo Mwanzo 9:6 iko kila mdomo. Mbona hawafiki Kumbukumbu la Torati 17? Pale shahidi mmoja hatoshi, na shahidi njo anarusha jiwe la kwanza kwa mkono wake, na sura ya 19 inasema akisema uongo atafanyiwa kile alichomtakia mwenzake. Nani kati ya waliomshitaki mtoto wako angekubali sharti hilo? Na hata wawili hawatoshi! Nabothi alishitakiwa na wawili akapigwa mawe, kumbe mfalme alitaka shamba lake. Suzana naye alisingiziwa uzinzi na wawili, tena wazee wa heshima, watu wote wakaamini, alikuwa anapelekwa kuuawa ndipo kijana Danieli akawatenganisha akauliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Kwa mtoto wako, siku moja ile, nani aliuliza?

Japani, inchi yenye laboratwari na polisi wa kusoma, Iwao Hakamada alihukumiwa kifo 1968, na ni 2024 tribinali ikasema hana kosa, nguo zenye damu zilitengenezwa na wapelelezi wenyewe. Papa Fransisko alishaandika ndani ya Katekisimu 2018 kwamba adhabu hii haikubaliki, basi korali isikufundishe kinyume.

Sasa mama, rufaa ina siku chache, usingojee. Atakayekuomba pesa ya "kupanga dosiye" mkatalie. Tafuta jirani aliyemuona kijana usiku ule, aandike na kusaini. Na ile familia ya marehemu usiichukie, ju kama si mtoto wako, aliyemuua mtu wao bado anatembea hapa mujini. Jumapili nyuma ya misa ya kwanza uje na karatasi zote za tribinali, nitakuwa na avoka.