Jibu: Mtoto anaelewa lugha yetu, ila anajibu kwa lugha ya shule

Ndugu, umeuliza kama mmechelewa, maana mtoto wa miaka 6 anawaelewa vizuri lakini jibu linatoka kwa lugha ya huko mlikohamia. Hamjachelewa. Kuelewa anako tayari. Anachokosa ni sababu ya kuisema, kwa kuwa anajua fika nyote mnaielewa ile nyingine.

Msimgombeze wala kujifanya hamsikii, atanuna tu. Akiomba maji kwa lugha ya shule, mrudishie kwa yenu: "Unataka maji ya baridi au ya moto?" Swali la kuchagua linampa neno la kujibia. La ndiyo au hapana ni kazi bure, atatikisa kichwa yaishe.

Dawa kubwa ni mtu asiyejua kabisa lugha ya shule. Bibi kwenye simu ya video, dakika 10 au 15, mara kadhaa kwa wiki, na mtoto awe na kitu cha kuonyesha: mchoro, jino lililong'oka. Bila hicho, ni "hujambo" na kimya. Na wewe usikae pembeni ukimtafsiria!

Kuchanganya lugha si kasoro. Mkishauriwa muiache yenu ili ya shule ishike, msikubali, hasa kama ya shule wenyewe mnaibabaisha.

Halafu mwangalie mdogo wake. Watoto wakishaanza shule huongea wao kwa wao lugha ya shule, kwa hiyo mara nyingi wa pili ndiye huipoteza ya nyumbani mapema zaidi.