Demensia Ikishakomaa: Tathmini ya Tiba kwa Vitendo Itazame Nini

Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani tiba inayomsaidia mtu kushiriki shughuli zake za kila siku kama kula na kuoga. Familia nyingi huniita kuwapima wazee wao wakati demensia, ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, imeshakomaa, na jambo la kwanza wanalouliza ni kumbukumbu imebaki kiasi gani. Kwa hatua hiyo swali hilo halisaidii tena. Hata kipimo cha kumbukumbu na kufikiri kiitwacho IDEA, ambacho kilitengenezwa kutokana na utafiti wa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, na kuzingatia wazee wasiojua kusoma, humtaka mzee ataje majina ya wanyama na apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kinafaa sana kugundua ugonjwa. Lakini mzee asiyezungumza wala kusimama atapata sifuri, na sifuri hiyo haimwelezi binti yake namna ya kumlisha jioni.

Kwa hiyo ombeni tathmini ifanyike nyumbani, saa ya chakula au ya kuoga, na anayemhudumia kila siku awepo na aendelee na kazi yake kama kawaida. Mimi hukaa pembeni kwanza na kutazama. Je, mzee ameketi wima, miguu imekanyaga kitu, au analishwa akiwa ameegemea mto huku kichwa kimeanguka nyuma, mkao unaoweza kupeleka chakula kwenye njia ya hewa? Kijiko kinamjia kwa mbele anapokiona, au kinatokea ubavuni ghafla? Akiking'ata, je, kinavutwa kwa nguvu, au mlishaji anasubiri taya zilegee zenyewe?

Bibi mmoja alikuwa amelishwa kila kitu kwa muda mrefu, na nyumbani walikwisha kuamini kwamba mikono yake haina kazi. Niliweka bakuli la mtori mbele yake, nikamfumbatisha kijiko, nikakiinua naye huku nimeshika kiwiko chake kwa chini. Tulipokwenda hivyo mara kadhaa, sehemu ya mwisho ya safari ya kijiko aliimaliza mwenyewe. Katika ripoti sikuandika kwamba "ameboreka", kwa maana ugonjwa wake haukurudi nyuma. Niliandika kwamba anashiriki kula akishikwa kiwiko, na kwamba apewe nafasi hiyo katika vijiko vya mwanzo kabla hajachoka.

Mwili nao lazima ukaguliwe wote. Mikono iliyokunjwa ngumi huficha kucha zilizochimba kiganja. Msinyooshe vidole kwa nguvu, bali kunjeni kwanza kifundo cha mkono kuelekea ndani, vidole vitalegea, kisha safisheni na muweke kitambaa laini kilichoviringishwa. Visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo vitazamwe kama ngozi imeanza kubadilika rangi, kwa sababu hapo ndipo vidonda vya kulala huanzia.

Maumivu ndiyo yanayosahaulika zaidi, na hili hunisikitisha kila mara. Mzee anayepiga kelele anapogeuzwa huitwa mkorofi, ilhali huenda bega linamuuma. Kipimo cha maumivu kiitwacho PAINAD hakihitaji aseme neno: hutazama pumzi, sauti, uso, mkao wa mwili na kama anatulizika, kila kimoja kwa alama 0 hadi 2. Mwombeni mtaalamu akitumie wakati mzee ametulia, na tena wakati anageuzwa au kuvalishwa, kwani tofauti ya alama hizo mbili ndiyo ya kumpelekea daktari.

Anayemhudumia naye aulizwe juu ya mgongo wake na usingizi wake, na afundishwe kumgeuza mzee kwa kutumia shuka badala ya kumvuta makwapani. Mwisho, msikubali ripoti ya kurasa nyingi inayobaki kwenye faili. Dai ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, unaosema mzee akaeje, ashikwe wapi, ale nini na ageuzwe saa ngapi, ubandikwe ukutani karibu na kitanda, ili hata dada wa kazi aliyeanza jana aweze kuufuata. Na mtaalamu arudi kuurekebisha mara mnapoona kumeza kumebadilika.